Mifuko Arobaini ya Saruji

Uwanja tuliuvunja wenyewe. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana siku hizi ukipita pale uwanjani saa kumi na moja jioni utawasikia watu wanamlaumu mkuu wa chuo, wanailaumu wizara, wanailaumu mvua, na hakuna atakayekwambia kwamba nyundo zilikuwa mikononi mwetu.

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kwanza, mwaka huu wa themanini na moja. Sakafu ya uwanja wa basketi wa Chuo cha Utunzaji Ghala, hapa nyuma ya Gerezani, ilikuwa imepasuka upande mmoja tu, chini ya ringi inayotazama Msimbazi. Ufa wenyewe ungezibika kwa mifuko mitano ya saruji. Lakini mtu mmoja wa ofisi ya vibali alimwambia mwenyekiti wetu wa washabiki, Mzee Sadalla, kwamba saruji ipo njiani, na kwamba inatolewa kwanza mahali palipo tayari.

"Mimi bandarini nina miaka ishirini na mbili," Mzee Sadalla alituambia. "Meli ikikuta gati halijawa tayari, inakwenda kushusha kwingine. Tukikutwa na sakafu nzima, saruji yetu watapewa wengine. Tuibomoe yote, tuwe tayari."

Tukaona ana akili. Tukaja na nyundo, sururu, mitaimbo, na mimi nikaja na sufuria la uji usio na sukari, mtoto mgongoni. Kufika saa saba mchana sakafu yote ilikuwa kokoto. Tukapiga makofi kama tumechukua kombe.

Saruji haikuja Jumatatu. Haikuja mwezi wa pili. Sisi tukaendelea kuja kila jioni kama zamani, na kila mtu akikaa mahali pake, maana jukwaa la Ghala lina nafasi za watu tangu enzi. Mzee Sadalla ngazi ya tatu, kwenye nguzo. Bi Kuruthumu, anayeuza mihogo Mtaa wa Mchikichi, ngazi ya chini kabisa, ili matusi yake yamfikie mwamuzi bila kupotea hewani. Elieshi wa duka, ambaye sote tunamwita Mangi, ngazi ya juu, maana pale anauona mlango wa duka lake. Mimi katikati na Severa wangu, hadi saa kumi na mbili niingie darasani, masomo ya jioni. Tunakaa, tunaangalia kokoto.

"Leo wamesemaje?" Bi Kuruthumu huanza.

"Nani?"

"Hao wa saruji."

"Wamesema ipo njiani."

"Njia gani hiyo? Toka Januari mimi ningekuwa nimeshafika Kigoma kwa miguu, nikala migebuka, nikarudi."

"Ungefika na nani?" Mangi hudakia kutoka juu. "Kwa mwendo wako huo, sasa hivi ungekuwa Ubungo, umekaa chini unauliza maji."

"Wewe Mangi nyamaza. Dukani kwako kuna nini? Viberiti na kalenda. Kaa huko juu ulinde kalenda yako."

Tunacheka. Kisha kicheko kinakatika, kila mtu anaangalia kokoto tena.

Sasa niseme habari ya Siwema, maana bila yeye ule ungekuwa uwanja tu.

Siwema ni binti wa Mzee Sadalla, mtoto wake wa pekee, mama yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Tunakaa nyumba moja. Chumba chao kinatazamana na chetu, ukumbi katikati. Alikuwa mwaka wa mwisho pale chuoni, na ndiye aliyekuwa anaibeba timu ya wanawake ya Ghala. Anatumia mkono wa kushoto. Washabiki walimwita Shoto, na mpira ukimfikia jukwaa zima lilikuwa linanyamaza, hata Bi Kuruthumu. Saa kumi na mbili yeye ndiye alikuwa anampokea Severa nikaingia darasani. Nikitoka namkuta amemlaza kifuani, anadundisha mpira polepole kwa ule mkono mwingine, na mtoto amelala kwa mdundo wake.

Mwezi wa pili alikuja kocha mmoja wa timu ya shirika moja la usafirishaji lililoko bandarini. Alisimama kando ya kokoto na viatu vyake vyeupe, akamtazama Siwema akidundisha mpira barabarani.

"Binti, nimesimuliwa habari zako," akamwambia. "Lakini mimi siandiki jina la mtu niliyesimuliwa. Duru ya pili ya ligi inaanza mwezi wa saba. Siku mnacheza nyumbani nitakuja nikuone kwa macho. Ghalani kwetu nina nafasi moja ya kazi, na timu inahitaji mtu wa kushoto."

Unaona lilivyokuwa. Siwema akimaliza mwezi wa sita, wizara ingempangia kazi kabla mwezi wa saba haujaisha. Wenzake wa mwaka uliopita walipangiwa maghala ya pamba huko Maswa, Bariadi, Geita. Akichukuliwa na shirika anabaki hapa hapa, asubuhi anatoka na baba yake kwenda bandarini, jioni wanarudi pamoja. Asipochukuliwa, Mzee Sadalla mwenye mgongo usioinama atabaki na chumba. Na wasimamizi wa ligi walikuwa wameandika waziwazi: timu isiyo na uwanja wake ifikapo mwisho wa mwezi wa sita haimo duru ya pili. Wa kuazima hawaukubali.

Kwa hiyo kila tulipouliza saruji iko wapi, tulikuwa tunauliza habari ya Siwema, na Mzee Sadalla alijua.

Tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu lori likaja. Mifuko arobaini! Bi Kuruthumu alipiga vigelegele mpaka watu wa Mtaa wa Lindi wakatoka kuuliza nani kaolewa. Tuliishusha wenyewe, tukaiingiza ghala la chuo, na vumbi lake lilitukaa kwenye kope tukawa kama vikongwe. Siwema alibeba mfuko mzima kichwani, anacheka.

Jioni ile tukakutana jukwaani.

"Kesho," Mangi alisema. Hakukaa, alikuwa amesimama. "Kesho asubuhi tunaanza. Kokoto tunazo, mchanga uko Msimbazi, mafundi wawili nawajua. Saruji si mchele, jamani. Haikai."

"Kesho haiwezekani," Mzee Sadalla akasema.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Mgeni rasmi."

Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa, mmoja mmoja, na mimi nikiwa mmoja wao.

"Hii saruji ni ya kibali," Mzee akaendelea. "Mitaa mizima inaitafuta. Watu wa barabarani watatuona tunafungua mifuko, kesho yake utasikia washabiki wa Ghala ni walanguzi, wanauza saruji ya serikali. Tumwite mkubwa, afungue mfuko wa kwanza kwa mkono wake, watu washuhudie. Na tena..." Akashusha sauti. "Na tena atamwona Siwema akirusha. Mkubwa akishamwona mtu, jina lake linatembea."

"Mzee, mvua zinakuja," Mangi alisema.

"Saruji iko wapi? Si iko ndani ya ghala? La chuo cha ghala! Kuna mahali pa salama zaidi ya hapo hapa mjini?"

Tulipiga kura kwa mikono. Mkono wa Mangi peke yake ulibaki chini. Wangu uliinuka, Severa naye akauinua wake kuniiga, watu wakacheka wakasema kura ya mtoto ihesabiwe.

Barua niliiandika mimi, kwenda kwa Mkurugenzi wa wizarani. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefundishwa barua za kikazi, na niliipenda ile kazi kupita kiasi. Nilichora mstari chini ya "Yah:" kwa rula. "Ndugu Mkurugenzi, kichwa cha habari hapo juu chahusika." Mzee Sadalla aliisoma mara mbili akaikunja ndani ya koti kama cheti.

Mkurugenzi alikubali kuja Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Ijumaa ikaletwa karatasi: ana safari ya Dodoma, isogezwe hadi kumi na moja Aprili. Tukasogeza. Masika yakaanza. Tarehe kumi na moja tulijipanga tangu saa mbili, tumevaa nguo safi, Bi Kuruthumu na kanga mpya aliyoitafuta foleni tatu. Saa nane tukaambiwa ana mkutano. Isogezwe hadi mbili Mei.

"Tufungue tu," Mangi alisema. "Nawaomba. Tufungue."

"Tumemwalika mtu," Mzee Sadalla akamjibu. "Tumtumie barua nyingine tumwambie usije, tumeshakula bila wewe?"

Wiki hiyo hiyo Siwema alinifuata ukumbini nikiwa nafua nepi. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Dada Celina, nimechungulia ghalani kupitia dirisha."

"Umeona nini?"

"Sijaona vizuri, kuna giza. Ila ile mifuko nadhani iko chini. Hatukuweka mbao siku ile, tulikuwa na furaha tu tukabwaga. Na somo la kwanza kabisa tulilofundishwa pale ni hilo: mzigo haukai sakafuni."

"Umemwambia baba?"

"Nimemwambia. Kasema atamwona mwalimu mwenye ufunguo." Akachungulia mvua nje. "Mwalimu Shaibu yuko Morogoro kwenye semina. Semina ya utunzaji mzuri wa ghala."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka. Akachukua nepi moja kwenye beseni akaikamua, akaianika, akachukua nyingine.

"Hamuwezi kuanza tu, dada? Nyinyi wakubwa?"

Nilimwambia nitaandika barua. Na kweli niliandika, kwa mkuu wa chuo, kuomba mifuko iinuliwe juu ya mbao. Nilijibiwa baada ya siku tisa kwamba barua yangu imepokelewa.

Tarehe mbili Mei, Mkurugenzi akaja.

Alikuja kweli, jamani, na gari, na katibu wake, na mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri. Chuo kilikuwa kimefunga utepe mwekundu kati ya nguzo mbili. Timu ya wanawake ilisimama mstari mmoja na jezi zao za kijani, Siwema katikati, mpira kwapani. Mwiko mpya wa fundi ulikuwa juu ya sinia, umefunikwa kitambaa. Mwalimu Shaibu, aliyerudi jana yake, alifungua ghala, vijana wawili wakaleta mfuko wa kwanza. Niliona jinsi walivyoubeba. Mfuko wa saruji huwa unalegea ukibebwa na watu wawili, unapinda tumboni. Ule haukupinda.

Mkurugenzi akakata utepe. Makofi. Akauchukua mwiko, akachana karatasi ya mfuko, akachota.

Mwiko ukagonga.

Akatabasamu, akadhani amekosea upande. Akachota tena, kwa nguvu kidogo. Ulilia kama ukigonga kengele ya kanisa iliyovunjika. Katibu wake akainama kumsaidia, akachana karatasi yote, na mfuko ukabaki pale uchi: jiwe la kijivu, limenakili kila mkunjo wa karatasi, hata alama ya uzi.

"Leteni mwingine," Mwalimu Shaibu alisema haraka.

Wakaleta mwingine. Wakaleta wa tano. Wa kumi na moja uligeuzwa ukaonekana una ukoka chini yake, majani membamba meupe yaliyoota gizani. Juu ya pale mifuko ilipokuwa imelala, bati moja lilikuwa limetoboka, na jua lilikuwa linaingia kwa kitundu kile kama uzi.

Mkurugenzi alifuta mikono akatoa hotuba yake hata hivyo, alikuwa ameiandaa. Alizungumza habari ya kujitegemea. Alitupongeza kwa moyo wa kujitolea. Alisema taifa haliwezi kuendelea bila michezo na bila uangalifu wa mali ya umma, akakunja karatasi, akaondoka. Hakuna aliyekumbuka kumwambia Siwema arushe.

Siwema alirusha mwenyewe, gari lilipokwisha kuondoka. Alisimama juu ya kokoto, vifundo vya miguu vikiyumba, akaurusha kwa ule mkono wa kushoto. Uliingia. Kisha ukaanguka kwenye mawe, haukudunda, ukabingirika kidogo ukasimama.

Hakuna aliyemwendea Mzee Sadalla. Alikuwa ngazi ya tatu, kwenye nguzo, anatazama mbele. Mangi ndiye aliyeshuka kutoka juu akakaa karibu naye. Nilidhani atamwambia, si nilisema? Alitoa sigara mbili, akampa moja, na kwa ukame wa sigara mwaka huu, hilo si jambo dogo.

Mwezi wa tano na wa sita niliandika barua nane. Ofisi ya vibali ilijibu moja tu: kumbukumbu zinaonyesha uwanja wa Ghala umeshapatiwa saruji. Tulikwenda kwa yule kocha wa bandarini pia, mimi na Bi Kuruthumu, bila kumwambia Mzee. Tulimkuta mtu mwema. Alituletea viti. Akasema ana timu inayomuuliza maswali, ana meneja anayemuuliza maswali, na hawezi kusema amemchukua mtu aliyemwona akidundisha mpira barabarani.

"Njoo basi umwone hata barabarani," Bi Kuruthumu akamwambia, na hakumtukana, ndipo nikajua amekata tamaa.

Tarehe thelathini Juni orodha ya duru ya pili ikabandikwa. Tuliisoma toka juu hadi chini, kisha Mangi akaisoma toka chini hadi juu. Wiki iliyofuata barua ya wizara ikaja: Maswa, ghala la pamba.

Siwema aliurudisha mpira wa chuo, akasaini kitabuni. Tulimsindikiza stesheni Alhamisi, mimi na Severa, Bi Kuruthumu na mihogo ya kukaanga ya njiani, Mangi na viberiti paketi nzima, maana alisema huko bara havipatikani. Mzee Sadalla alimbebea sanduku la bati mwenyewe, na mgongo wake ule, akakataa kusaidiwa. Alikuwa anaongea bila kituo. Ushuke Malampaka, usipitilizwe. Maji uchemshe. Kisha, treni ilipoanza kujivuta, akashika chuma cha dirisha akatembea nacho.

"Ukija likizo utakuta sakafu iko tayari. Desemba. Nimeshaongea na watu."

"Ndiyo, baba," Siwema akasema.

Alikuwa ananiangalia mimi akisema hivyo. Kisha akamwangalia Severa, akampungia kwa mkono wa kushoto.

Mwezi wa nane chuo kilihitaji ghala lake, wakaitoa ile mifuko nje, yote arobaini, wakaipanga pembeni mwa kokoto. Karatasi zilichukuliwa na wauza karanga. Yakabaki mawe yenye umbo la mito ya kulalia. Taratibu watu wakahama jukwaani, maana mawe yana kivuli jioni, na yanakaa baridi. Sasa kila mtu ana lake. La Mzee Sadalla ni lililo karibu na ringi inayotazama Msimbazi. Mangi amesogea, hakai tena mahali anapouona mlango wake.

Masomo ya jioni nimeacha kwa muda, sina wa kumwachia mtoto. Mwalimu amesema jina langu bado limo daftarini.

Jana jioni Severa alisimama. Alikuwa ameshika jiwe langu kwa mikono miwili, akaachia mmoja, akatazama huku na huku kutafuta nani anamwona, akaachia wa pili. Bi Kuruthumu alipiga vigelegele. Nilikuwa sijavisikia tangu lile lori. Mtoto akaogopa, akakaa.

"Nimesikia," Bi Kuruthumu alisema baadaye, bila kumtazama mtu, "kuna saruji inakuja. Mtu wa bandarini kaniambia. Meli ya wiki ijayo."

Hakuna aliyeuliza njia gani. Mangi aliokota kokoto akaitupa, akaokota nyingine.

"Mama Severa," Mzee Sadalla akaniita. "Unayo karatasi?"

Ninayo kila siku. Nikachana ukurasa wa katikati wa daftari langu, nikauweka juu ya jiwe. Rula sikuwa nayo. Mstari wa "Yah:" nikauchora kwa ukingo wa kadi ya kliniki ya mtoto.

"Andika, tunaomba mifuko mitano tu ya kuanzia," akasema. "Na uandike, mgeni rasmi hatumhitaji. Tutaifungua siku hiyo hiyo ikifika."

Nikaandika.

"Tarehe ya mwisho ya kuhitaji?" nikamuuliza. Fomu zao huwa zinataka tarehe.

Mwezi wa sita ulikuwa umekwisha, duru ya pili ilikuwa imekwisha chezwa nusu, na nafasi ile bandarini alikuwa amepewa binti mwingine, mtu wa mkono wa kulia.

"Weka Desemba," akasema.

Nikaweka Desemba. Severa alikuwa ameshika tena jiwe, anajivuta kusimama.